Mama mkwe anataka mtoto akatwe kimeo Jumamosi

Shikamoo bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Korogwe, asubuhi nauza chai na maandazi karibu na stendi. Nakuandikia habari za mwanangu wa pili, wa kiume, ana miaka 9. Mwaka huu koo limemwandama. Hii ni mara ya tatu.

Hapa mtaani kila mtu ana lake la kusema. Jirani anasema ni barafu za ukwaju wanazonunua shuleni. Kijana wa duka la dawa ananifungia rangi mbili kabla sijamaliza hata kueleza. Baba yake anasema mtoto wa kiume hadekezwi kwa ajili ya koo. Na mama mkwe, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, alipiga simu juzi kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mjukuu wake ampeleke kwa mzee mmoja anayekata vimeo. Anasema kimeo kimerefuka mpaka kinagusa ulimi, ndiyo maana mtoto hanenepi na koo haliponi. Watoto wake wote aliwakata, mume wangu akiwemo, na wote wazima.

Ningenyamaza kama si jambo moja. Mwaka jana binti wa mtaa wa pili, yuko darasa la sita, alianza kuhema akipanda kilima cha kwenda shule. Walizunguka naye mpaka wakafika Dar es Salaam, wakaambiwa vali za moyo zimeharibika, na kwamba huenda mambo yalianzia kooni alipokuwa mdogo. Sasa anachomwa sindano kila mwezi. Tangu hapo mwanangu akisema "mama, koo," moyo unaokwenda mbio ni wangu.

Basi nikaanza kuandika. Nina daftari la wanaokopa maandazi, nimeligeuza, nyuma naandika mtoto. Nakunakilia kama lilivyo:

Mwezi wa pili. Jumatatu koo linawasha, mafua, anakohoa. Jumanne homa kidogo, macho mekundu. Nimenunua rangi mbili. Jumatano anakohoa sana ila anakula. Ijumaa mzima, kikohozi tu. Dawa ameacha.

Mwezi wa nne. Jumapili jioni kacheza mpira vizuri. Usiku homa kali, kichwa, tumbo, katapika mara mbili. Jumatatu hamezi hata mate, tezi za shingo zimevimba, ukigusa analia. Malaria kapimwa, hana. Rangi mbili tena. Jumatano kapoa, anacheza. Dada yake naye koo. Nimemgawia zilizobaki.

Mwezi huu wa saba. Jumapili koo. Jumatatu sauti imekauka, mafua, anakohoa, homa nadhani ipo. Mdogo wake naye kamasi. Nimemmulika na tochi ya simu, kuna nyeupe. Uji kanywa.

Leo ni Jumanne. Bibi, daftari hili linasema nini? Kwenda zahanati ni kufunga biashara asubuhi nzima, nikienda kila koo linapouma tutakula nini? Lakini nisipokwenda, yakitokea ya yule binti? Nisubiri mpaka wapi? Na huyu mama mkwe nimwambieje bila kuonekana nimemdharau?

Samahani kwa barua ndefu. Naandika usiku, baba yao kalala. Naye anakoroma na kukohoa, sauti imemkauka hii wiki ya sita, anasema ni vumbi la lori na sigara zake. Nyumba nzima ni koo tu.

Mama wa watatu, Korogwe


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Miaka yote niliyokaa chumba cha wagonjwa wa nje, swali letu la kwanza lilikuwa "ameanza lini?" na jibu lilikuwa "ana siku nyingi tu." Siku nyingi ni ngapi, hakuna ajuaye. Wewe umekuja na siku zenyewe, tena nyuma ya madeni ya maandazi. Basi nami nitalisoma daftari lako kama ningesoma cheti cha mgonjwa.

Mwezi wa pili. Koo, mafua, kikohozi, macho mekundu. Vinne hivyo vikija pamoja ni virusi, karibu kila mara. Rangi mbili, iwe amoksilini au ampisilini, huua bakteria. Virusi havina habari nayo. Mtoto alipona Ijumaa kwa sababu Ijumaa ilifika. Ungempa maji ya kunde angepona siku hiyohiyo, na hela yako ungebaki nayo.

Mwezi wa nne. Hapa nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Anacheza mpira jioni, usiku homa kali. Kichwa, tumbo, kutapika. Tezi za shingo zimevimba na zinauma. Na kuna neno moja ambalo halimo: kikohozi. Mwezi wa pili umeliandika karibu kila siku, mwezi huu umeliandika, mwezi wa nne hulitaji hata mara moja, wala mafua. Nachukulia hukuliandika kwa sababu hakikuwepo. Hilo neno lisilokuwepo ndilo linalonishughulisha kuliko yote uliyoyaandika.

Nikueleze kwa nini. Katika watoto 100 wanaoumwa koo, 20 hadi 30 hivi ndio wenye bakteria anayeitwa streptokokasi kundi A. Kwa watu wazima ni pungufu zaidi, 5 hadi 15. Waliobaki karibu wote ni virusi. Huyo bakteria hapendi pua wala kifua, anapiga kambi kooni. Kwa hiyo koo lake huja ghafla, kavu, bila mafua na bila kukohoa. Zahanati zetu nyingi hazina kipimo chake cha haraka, kwa hiyo mganga anahesabu dalili: homa ya zaidi ya 38, kikohozi hakuna, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, tonsesi zimevimba au zina usaha. Umri wa miaka 3 hadi 14 unaongeza uzito. Dalili moja haisemi kitu. Tatu au nne zikikutana, mtoto anastahili dawa ya bakteria. Mwanao mwezi wa nne alikuwa nazo.

Alistahili dawa, na alipata nusu. Jumatano alipoamka anacheza, nyingine ukampa dada yake. Sikugombezi, nimeona wauguzi wenzangu wakiwafanyia wanao vivyo hivyo. Lakini ujue hesabu yake. Dawa hiyo kwa koo la aina hii hutolewa siku 10. Siku mbili tatu za kwanza zinatuliza koo. Saba zilizobaki hazina kazi na maumivu, kazi yake ni kumfagia yule bakteria atoke kabisa. Wako wanaopewa sindano moja tu ya penisilini ya muda mrefu badala ya vidonge, na kwa mtoto ambaye dozi huishia njiani mimi hupenda hiyo, ili mradi mtoto hajawahi kudhurika na penisilini, na achomwe mahali penye mhudumu wa kumwangalia.

Anafagiliwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya moyo, na hapa tunafika kwa yule binti wa mtaa wa pili. Bakteria akikaa kooni, mwili unatengeneza askari wa kupambana naye. Kwa baadhi ya watoto askari hao wanapoteza shabaha: wiki 2 au 3 baadaye, koo limeshasahauliwa, wanageukia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na inawapenda watoto wa miaka 5 hadi 15. Goti linavimba, linapoa, kesho ni kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Watu wanasema mtoto anakua. Mara nyingine anaanza kuhema, au mikono inacheza yenyewe, kikombe kinamponyoka, na mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika ghafla. Nimewahi kumwona mtoto aliyechapwa na mwalimu kwa "kuandika kwa dharau," kumbe alikuwa mgonjwa. Hii ya mikono inaweza kuchelewa hata miezi. Kwa hiyo leo, kabla hujasoma zaidi, fungua madaftari yake ya shule, tazama mwandiko wa mwezi wa tatu na wa sasa.

Kama mwandiko ni uleule, magoti hayajavimba na mpira anakimbia kama wenzake, pumua. Makoo mengi ya bakteria hayafiki moyoni hata yasipotibiwa vizuri, na moyo kwa kawaida hauharibiwi na mara moja, unaharibiwa na mashambulizi yanayorudi. Ndiyo maana yule binti anachomwa kila mwezi: ni kumlinda bakteria asimrudie, wala si adhabu wala si kwamba hakuna matumaini. Asikose hata moja, mwambie mama yake hivyo kutoka kwangu. Na wewe ukifika zahanati kwa lolote lile, omba mganga aweke kipimo kifuani amsikilize mwanao moyo. Ni dakika mbili.

Halafu kuna jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila mlango wa jikoni, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la kusubiri mpaka wapi. Dawa ya bakteria ikianza ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma, bado inaweza kuuzuia huo ugonjwa wa moyo. Siku 9, mwanangu. Huna haja ya kukimbia usiku wa kwanza kwa kuogopa vali. Una muda wa kuangalia, kuhesabu na kuandika. Usicho na muda nacho ni vitu vingine, nitavitaja.

Sasa mwezi huu. Sauti imekauka, mafua, anakohoa, mdogo wake ana kamasi. Hilo ni koo la virusi, ni la mwezi wa pili limerudi na nguo nyingine. Nyeupe uliyoimulika isikutie hofu peke yake. Virusi navyo huacha madoa meupe, na mabaki ya chakula hujificha kwenye mashimo ya tonsesi yakaonekana kama usaha. Koo la namna hii huuma zaidi siku ya pili na ya tatu, siku ya nne au ya tano linalegea, na likifika wiki limekwisha. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma wiki moja zaidi. Umeniandikia siku ya tatu, kileleni penyewe.

Neno moja tu katika mistari hiyo limenikera: "nadhani ipo." Kiganja cha mama kinajua mengi lakini hakijui tofauti ya 37.3 na 38.4, hasa kiganja kilichotoka kwenye mafuta ya maandazi. Nunua kipimajoto, hiki cha kubana kwapani kinacholia. Kwapani 37.5 na kuendelea ni homa. Pima kabla ya kumpa dawa ya kushusha, siyo baada, maana ukipima baada utakuwa umepima dawa. Na kama homa ipo kweli, malaria haisubiri hesabu ya koo. Hapo Korogwe kila homa ni ya kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama koo ni jekundu kama embe bivu. Koo na malaria vinaweza kulala kitanda kimoja.

Daftari lako liongeze vitu vichache. Ukurasa wangu mimi ungekuwa hivi:

Jumatano saa 1 asubuhi, siku ya 4. Joto 37.2, kabla ya dawa. Kikohozi kipo. Tezi ukibonyeza haziumi. Tangu jana jioni: uji kikombe 1, maji vikombe 2, mkojo mara 2. Mdomo anafungua wote. Dawa: hakuna tangu saa 2 usiku.

Basi. Ukiandika asubuhi na jioni inatosha, usimwamshe mtoto kumpima. Na kikohozi kisipokuwepo, andika "hakuna." Usiache wazi, maana umeona mwenyewe jinsi nilivyolazimika kukisia.

Kwa daftari hilo utajua pa kwenda. Ukiona picha ya mwezi wa nne, yaani homa ya 38 na zaidi, kikohozi hakuna, tezi zinauma, funga kibanda kesho yake uende. Usisubiri siku ya tatu na usipitie duka la dawa. Ukiona picha ya mafua na kikohozi, homa hakuna au malaria imepimwa haipo, baki nyumbani, ila siku ya 4 ikifika homa bado ipo, au alikuwa amepoa halafu homa ikarudi, au wiki imeisha na koo liko palepale, nenda. Vipele vidogo vinavyokwaruza mkono kama msasa, pamoja na ulimi mwekundu wenye vinundu, navyo ni vya kwenda siku hiyo. Yule bakteria huvaa joho hilo wakati mwingine. Usiende na mtoto tu, nenda na daftari. Mganga akikuta siku, joto na kikohozi vimeandikwa, hata yeye hukaa sawa kwenye kiti.

Usicho na muda nacho ni hiki. Mtoto anayetoa udenda kwa sababu hawezi kumeza mate. Anayekaa ameinama mbele, shingo ameitoa, anavuta hewa kwa mlio. Asiyeweza kufungua mdomo kwa upana wa vidole viwili, maumivu yako upande mmoja, na anaongea kama amejaza ugali mdomoni. Huyo pengine ana jipu nyuma ya tonsesi. Aliyevimba shingo, au mwenye utando wa kijivu ulioshika kooni. Asiyekojoa tangu asubuhi hadi jioni. Aliyedegedeka, anayetapika kila kitu, au amelegea kiasi kwamba ukimwita anafungua macho na kuyafumba tena. Shingo imekakamaa. Yeyote kati ya hawa usimngojee kuche, tafuta pikipiki hata kama ni saa 8 usiku, na usiende zahanati, nenda hospitali. Na yule wa udenda na mlio usimchokonoe koo na kijiko ili uone. Njia ya hewa iliyovimba inaweza kujifunga palepale.

Kwa watoto wengine kuangalia koo hakuna ubaya. Mpini wa kijiko, ulimi ushuke kidogo, aseme "aaa," tochi ipite haraka. Ule utando wa kijivu niliosema ni dondakoo. Watoto wanachanjwa dhidi yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo tazama kadi zao za kliniki. Kama kuna iliyorukwa, hilo ni la kumaliza mwezi huu.

Nyumbani usihangaike na mengi. Mtoto wa kilo 25 anapewa nusu kidonge cha parasetamoli ya miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Nyie mpimeni kilo kwanza. Chunga dawa za mafua za maji, nyingi ndani yake mna parasetamoli hiyohiyo, unamrudufishia bila kujua. Aspirini usimpe mtoto. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, asukutue koo na kutema. Kijiko cha asali kwenye chai ya tangawizi kinatuliza, ila mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja haonji asali hata kidogo. Na barafu za ukwaju, mwambie jirani, hazileti koo. Koo linaletwa na mwenzake aliyemkoholea, au aliyenyonya barafu hiyohiyo kabla yake. Mtoto mwenye koo bichi akikataa uji, mpe barafu, iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Baridi inapunguza maumivu na angalau amekunywa kitu. Bibi zangu wangenifukuza nyumbani kwa kusema hivi.

Sasa kimeo.

Kimeo cha mtoto mwenye koo lililovimba huwa kirefu. Nacho kimevimba, sawa na pua inavyovimba ukiwa na mafua, na koo likipona kinarudi. Hakizuii mtoto kunenepa na hakileti kikohozi. Najua mama mkwe wako anasema kweli anaposema wanawe wote wazima. Makoo ya utotoni hupungua yenyewe mtoto anavyokua, aliyekatwa na asiyekatwa. Sifa kachukua mwenye kisu.

Lakini mimi nimewapokea wale ambao hadithi yao haikuwa hivyo. Kuna mtoto mmoja, miaka mitatu hivi, aliletwa amefungwa kanga ya mama yake, na ile kanga ilikuwa imelowa kutoka kifuani hadi chini. Alikuwa anameza damu, anaitapika, anameza tena. Alipona, baada ya kuongezewa damu. Wengine hawakuja kwa damu, walikuja siku kadhaa baadaye na usaha shingoni, au na pepopunda. Na kisu au wembe uliopita kwenye vinywa kumi unaweza kubeba hata Virusi vya Ukimwi. Katu, mwanangu. Hapo hakuna cha kusubiri wala cha kupatana.

Hata kuondoa tonsesi hospitalini, kwa dawa ya usingizi na mikono ya mtaalamu, hakufanywi kwa mara tatu. Kipimo kinachotumika sana ni tonsesi kali mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na ziwe zimeandikwa. Daftari lako linaonyesha moja.

Mama mkwe usimkatalie kwenye simu. Mwache aje. Mpikie, mpe mjukuu amshike, halafu mwonyeshe daftari, umsomee. Mwambie: "Mama, nimekusikia, nami hili koo linaninyima usingizi. Kesho asubuhi tunakwenda wote zahanati, wamwangalie kimeo wewe ukiwepo, uwaulize mwenyewe." Mzee akiitwa shahidi ni tofauti na mzee akiambiwa amekosea. Nesi akimmulika mtoto bibi anachungulia begani, maneno mengi yanaisha hapo. Ila mumeo uongee naye kabla ya Jumamosi, na neno la "mtoto hakatwi" litoke kinywani mwake yeye, kwa mama yake. Usibebe peke yako mzigo wa ukoo ambao umeolewa ndani yake.

Na kwa kuwa tumemfikia mumeo. Umemweka mwishoni kabisa mwa barua, baada ya samahani. Mtu mzima, anavuta sigara, sauti imekauka wiki ya sita. Mwanangu, katika nyumba yako yote, koo ninaloliogopa ni hilo. Sauti iliyokauka kwa mafua inarudi ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki 3, hata kama ni vumbi, hata kama ni kelele za injini, lazima daktari wa masikio, pua na koo achungulie nyuzi za sauti kwa kioo au kwa mrija wenye kamera. Mara nyingi anakuta uvimbe wa kawaida, au kiungulia kinachopanda usiku. Mara nyingine anakuta saratani ikiwa bado changa, na ikiwa changa inatibika vizuri sana. Na kikohozi kama kimefika wiki 2, atoe makohozi yapimwe kifua kikuu, kipimo hicho na dawa zake ni bure. Muulize kama anameza kwa shida, kama sikio la upande mmoja linauma, kama mkanda umesogea tundu. Mpapase shingo akiwa amelala.

Mtoto anaweza kumaliza wiki yake nyumbani kama joto halisemi vingine. Baba yake aanze hospitali ya wilaya wiki hii, aombe rufaa, lori lilale. Na kwenye daftari lile, kabla ya ukurasa wa mtoto, mfungulie wake: siku ya 1 uikumbuke ilikuwa lini.